Ombi la Kurudishiwa Uvujaji wa Mafuta Kabla ya Jumamosi

Kwako Ndugu Fundi, ambaye pia ni mdogo wangu wa tumbo moja,

Yahusu: Kuzibwa kwa mafuta na kuondolewa kwa harufu ya hita bila idhini ya mwenye gari

Natumaini barua hii itakukuta juu ya ardhi na si chini ya gari la mtu. Sisi hapa Mungu ametushika mkono, tunapumua, tunakula, na watoto hawajambo.

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu utacheka, na nikikusikia unacheka nami nitacheka, na jambo lenyewe halitaki kicheko. Kwa hiyo leo mimi si dada yako. Mimi ni mteja mwenye malalamiko, na nimeyapanga kwa namba ili usije ukasema hukuyaona.

Mwezi uliopita nilikwenda kutundika mapazia kwenye ile hoteli mpya, kazi ikanilaza huko. Nyuma yangu ukaja nyumbani, ukakipandisha kibasi changu kwenye jeki, ukabadilisha sili, gasketi na ile mipira ya chini ya injini inayozuia mafuta yasivuje, ukasugua bomba la moshi mpaka likang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Ukaondoka bila hata kudai chai. Niliporudi nikawasha hita, ikaja hewa ya moto tupu, isiyonuka kitu. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wewe ulikwenda zako. Wema wako umebaki hapa, na mimi ndiye ninayehangaika nao.

Unajua kuliko mimi kwamba injini ile haina maji, inapozwa na upepo, na hita yake hukopa joto kwenye bomba la moshi. Basi tone la mafuta likiangukia pale, waliomo ndani wanalivuta wote. Ndiyo maana mtaa mzima ukakibandika jina la Chetezo. Sikuona ubaya. Chetezo ni chombo cha heshima.

Sasa sikiliza hasara zangu.

1. Pale chini ya ukuta wetu palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sinia. Lile doa ndilo lilikuwa hati yangu ya kiwanja. Hakuna mwenye gari safi aliyethubutu kuegesha juu yake. Doa limekauka, na jirani wa ghorofani amehamishia gari lake hapo. Nilipomuuliza alinijibu kwa adabu zote, "Dada, si nilidhani umehama?"

2. Nimepata ndugu wapya. Zamani tukitoka kwenye ibada nilikuwa nauliza, "Jamani, nani nimsogeze?" na papo hapo kila mtu anakumbuka kwamba daktari amemwambia atembee. Siku hizi sijafika mlangoni viti vimejaa. Hata mama mkwe wangu, aliyekuwa akisema kupanda Chetezo ni kufukizwa ukiwa hai, sasa anakaa mbele kabisa na kunifundisha gia. "Weka tatu, mama, injini inalia hiyo!" Mama huyo hajawahi kuendesha hata toroli. Nami namjibu, "Ndiyo, mama," naweka tatu, kibasi kinazimika katikati ya mlima, kisha ananiuliza kwa nini nimeweka tatu.

3. Hili ni zito, ukae chini. Umeniharibia sala. Zamani niliomba kabla ya kugeuza ufunguo, nikaomba kwenye mlima, nikaomba taa nyekundu ya mafuta ilipowaka, na nikifika nilishukuru kwa machozi, mengine ya moshi lakini mengi ya imani. Wiki iliyopita nimefika kwa mteja, nimezima gari, nimeshusha ngazi, ndipo nikashtuka kwamba njia nzima sikumtaja Mungu hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa nawaza mapazia! Shetani amehangaika na mimi tangu nikiwa binti, asifanikiwe. Gasketi zako zimeweza kwa mwezi mmoja.

4. Harufu ile ilikuwa inaongea nami. Ikinuka kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, najua ni kifuniko cha kushoto cha injini kinavuja. Ikinuka kama karanga zilizoungua, najua nimesahau kuongeza mafuta. Sasa kimya. Naendesha kitu ambacho sijui kinafikiria nini.

5. Hapa ndipo penyewe, na hayo mengine yote nimeyaandika ili nipate ujasiri wa kufika hapa.

Shemeji yako ni kinyozi, na kinyozi anaishi kwa kunukia. Kuna siku mteja alimuuliza mbele ya watu, "Bosi, hayo unayonipaka ni mafuta ya nywele au ya giaboksi?" Tangu siku hiyo anakwenda kazini kwa miguu, na ameapa kukiuza kibasi. Mimi sikubishana naye. Mke mwema habishani pale ambapo mafuta yanambishania. Kila mnunuzi aliyekuja alizunguka nyuma, akainama, akaona, akanusa, akakumbuka kwamba ana safari. Mwuza maua wa pale kona alikuja akaondoka, akaja akaondoka. "Mama, maua yangu yatanuka gereji." Nami nikamsindikiza kwa upole na kumshukuru Mungu kwa kila tone.

Kizuri chajiuza, ndivyo wasemavyo, na sikujua kwamba ni onyo. Juzi mwuza maua amerudi. Akapiga magoti nyuma ya kibasi, akatoa leso nyeupe mfukoni, akaifuta injini chini. Leso ikatoka nyeupe. Akamgeukia shemeji yako, "Mzee, Jumamosi asubuhi nakuja kukichukua." Wakapeana mikono pale pale, na mimi nimesimama na mita yangu ya kupimia shingoni, kama mtu aliyekuja kuupima msiba.

Shemeji yako ameniahidi kigari kidogo kizuri cha rangi. Nimekiona. Ngazi yangu haiingii, labda niishikilie dirishani kama mkono uliovunjika. Mabomba ya pazia yatakaa wapi, kwenye nywele zangu? Mdogo wangu, acha nikuambie la moyoni. Nilijifunza kuendesha kwenye kibasi kile, watoto wakiwa wakubwa tayari, wakinicheka kutoka kibarazani. Kabla ya hapo nilikuwa nakaa kwenye cherehani na mapazia yamekunjwa mapajani, nasubiri mwanamume yeyote mwenye gari na nafasi anifikishe kwa mteja. Miaka, nasubiri. Sitaki kurudi kwenye kile kiti.

Najua utasema, "Dada, si umwambie mwuza maua kinavuja?" Hakivuji! Nami ulimi huu ndio ninaomwimbia Mungu, siwezi kuuchafua kwa ajili ya gasketi. Kwa hiyo, ili nisiseme uongo, naomba kivuje kweli. Angalia mwenyewe jinsi jambo lilivyonyooka. Kikivuja, nitasema kinavuja, na nitakuwa nimesema kweli. Usipokivujisha, utakuwa umemsukuma dada yako kwenye dhambi, na siku ya hukumu utakapoulizwa ulikuwa wapi, utajibu kwamba ulikuwa unabadilisha pulagi?

Jana baada ya sala ya asubuhi nilijaribu mwenyewe nisikusumbue. Nimelala chini ya kibasi kwenye mkeka, na spana ya shemeji yako ya kubania kiti cha saluni, nikaikamata nati moja nikaizungusha kwa jina la Mungu. Kumbe nakaza. Sasa kimezidi kutovuja.

Basi ombi langu rasmi ni hili. Uje Ijumaa. Usinivunjie kitu wala kuniua injini, mimi si mwendawazimu. Ulegeze kidogo tu kifuniko cha kushoto, kwa kipimo cha salamu: ukisema "hujambo" lianguke tone, nikijibu "sijambo" lianguke jingine. Harufu nayo iwe ya kiasi, ya kumfukuza mwuza maua na kumpunguza mama mkwe. Kama zile gasketi za zamani hujazitupa njoo nazo, maana zina uzoefu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hakuna mhenga aliyesema ukazibe ufa wa mtu bila kumuuliza.

Mpe wifi yangu salamu za mikono miwili, umwambie pazia lake la chumbani liko tayari, lenye pindo pana alivyotaka. Wasalimie watoto mmoja mmoja na usimruke yule mdogo, ananuna. Msalimie na mwenye gereji, na mtu yeyote ambaye gari lake linakulalia kichwani unaposoma haya.

Ni mimi mlalamikaji wako, niliyekubeba mgongoni kabla hujajua spana ni nini,

Dada, mshona mapazia

Nyongeza: Ndugu Fundi, usiguse chochote. Tafadhali sana. Nakutumia barua hivi hivi kwa sababu nimeihangaikia na mwandiko umetoka vizuri.

Asubuhi hii, nikiwa natoka kwenda posta, kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio, na shemeji yako akaamka goti limemkaza, hawezi kutembea. Akaniomba nimpitishe kazini, uso ameugeuzia ukutani. Akapanda, akatoa shingo nje ya dirisha kama twiga. Nikawasha hita. Tulipopita kona ya kwanza akaingiza shingo. Ya pili akafunga dirisha. Kisha akavua kiatu, akavua na cha pili, akazibandika nyayo kwenye lile tundu la joto, akatulia kama mtoto anayekandwa kwa maji ya moto. Akaanza kunisimulia habari za mjomba wake, ambazo sijazisikia tangu tuoane. Tukafika saluni, hashuki. "Zunguka tena," ananiambia. Mteja amesimama mlangoni na nywele zake, tukampungia mkono tukapita. Tulipozunguka tena akatoa simu, akampigia mwuza maua.

"Ndugu yangu, unisamehe. Kibasi kimepata mtu."

Mwuza maua akapaza sauti mpaka nami nikamsikia: "Mtu gani huyo?"

"Mwenye magoti," akajibu, akakata simu, na kuniambia nisithubutu kupunguza hita.