Leseni Niliyoishusha

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kiti cha meneja kiko wazi! Shangazi, mwenye ofisi hii ya kuchora ramani za majengo, atakitoa Ijumaa. Tunaokitaka ni wawili: mimi, na Mchoraji, dada anayejiona eti kwa sababu mistari yake imenyooka. Leo Shangazi kaniagiza nishushe leseni ya programu zetu, inahitajika kwenye zabuni ya zahanati. Simu yake ikaita, hakueleza zaidi. Sikuuliza. Wakubwa hatuulizi.

Jumanne, tarehe 5

Nimeishusha! Kutoka daraja la Biashara Kubwa hadi la chini kabisa, linaitwa Chipukizi. Kompyuta ikaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Ninao hadi wa kuwaazima watu! Ikaonya pia kwamba nafasi yetu ya kuhifadhi mafaili kwenye wingu, huko mtandaoni, itapungua. Tangu lini wingu likajaa?

Jumatano, tarehe 6

Wingu limejaa. Ramani zinafunguka ila hazihifadhiki. Barua pepe haziingii. Mchoraji kalalamika kwamba kila akibonyeza hifadhi anaambiwa tumezidi kikomo. Nikamshauri achore mistari myembamba. Kaniangalia kama anatafuta kiatu cha kunirushia.

Mchana nikafuta mafaili makubwa, kimyakimya. Wapi! Kumbe yaliyofutwa hukaa kwenye pipa la taka, na pipa nalo linahesabiwa. Uonevu mtupu. Nikalimwaga. Sasa nafasi ipo tele, na hakuna hata wa kuniambia ahsante.

Alhamisi, tarehe 7

Mchoraji kauliza ramani ya zahanati iko wapi. Ilikuwa faili kubwa. Kubwa kuliko yote. Akaanza kulia, tena kwa sauti. Iliniuma, sitaficha.

Papo hapo Shangazi kaingia kuulizia leseni. Nikajibu kwa fahari kwamba nimeishusha. Akasema haya, nimpe. Nikamuuliza nimpe nini. Balaa! Kumbe alitaka niishushe kutoka mtandaoni, niichapishe, iambatanishwe na zabuni ili wajue programu zetu si za wizi. Sasa hilo ni kosa langu au la Kiswahili? Shangazi akakaa chini. Akawa anarudia kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake, mtoto wa kaka yake, kama anayejizuia asiniue.

Ijumaa, tarehe 8

Leseni imerudishwa juu. Mchoraji kachora zahanati yote upya, macho mekundu kama pilipili, na zabuni imefika dakika za lala salama. Shangazi kamtangaza meneja. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, ila polepole. Nimenyang'anywa nywila zote.

Jumatatu, tarehe 11

Nimehamishiwa mapokezi. Wenye wivu wanasema nimeshushwa. Wanaojua mambo wanajua simu zote hupitia hapa! Asubuhi kampuni ya intaneti ikapiga ikimtafuta meneja. Nikasema ndiye anayeongea. Wakauliza kama tungependa kuongezewa kasi. Kasi ya nini, na watu wote humu wameketi? Nikawaamuru waipunguze hadi mwisho.

Mchoraji kaanza kupiga kelele huko ndani. Siku ya kwanza tu, na uongozi umeshamshinda.