Ombi la Kuongeza Mto Katika Riwaya

Kwa Mkutubi Mkuu, Bi. Adwoa Kurankyi,
Maktaba ya Chuo, Cape Coast.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima zote nilizobakiwa nazo, ambazo tangu Jumanne si nyingi. Mimi ni Profesa Kobina Eshun wa Idara ya Fasihi, yule ambaye Ijumaa ijayo anatoa mhadhara wa kusimikwa uprofesa mbele ya chuo kizima, chifu wetu na wakwe zangu. Mada ni "Kicheko cha Mjane Mtoni". Hicho, kama ujuavyo, ndicho kisa maarufu kuliko vyote katika riwaya ya Mjane wa Njiapanda ya marehemu Egyir Tawiah, na mimi ndiye niliyekigundua.

Sasa maktaba yako imeiingiza riwaya hiyo kwenye kompyuta na kuiwekea kidude cha kutafutia maneno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kidude hakina adabu. Jumanne, katikati ya kipindi, binti wa mwaka wa pili aitwaye Araba Dontoh alinyoosha mkono wenye simu. "Prof, samahani, mto hauonekani." Nikamwambia atafute vizuri. "Nimetafuta mto, kijito, ziwa, hata bwawa, Prof. Na mjane mwenyewe hacheki. Yuko sokoni tu anauza ugali wa dokono, amenuna." Mwingine akapaza sauti huko nyuma, "Basi Prof alizama peke yake!" Darasa zima likaangua kicheko. Niliumia sana, Bi. Kurankyi, sikufichi.

2. Kidude hakijui utaalamu. Mto ule niliuandika katika makala yangu ya kwanza. Dkt. Gyasiwaa wa Kumasi akaunukuu kutoka kwangu, akaongeza mamba. Mwenzetu mmoja wa Accra akanukuu kutoka kwa Gyasiwaa, akathibitisha kwamba mamba ni ukoloni. Nami katika kitabu changu nikamnukuu yeye kama shahidi huru. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi, na katika safari yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyelazimika kuisumbua riwaya.

3. Kidude hakiheshimu wengi. Wasomi wote tunaukubali mto. Inayopinga ni riwaya peke yake. Na riwaya yenyewe haina hata shahada.

4. Wakwe zangu wameshachapisha kitambaa cha sherehe. Kina mawimbi, mamba, na picha yangu katikati. Mama mkwe, Maame Esi, ameshashona chake. Uvumi ulipomfikia alinipigia simu: "Kobina, mwanangu, huo mto upo au haupo? Niambie mapema nijue navaa nini." Mama huyu alinipa binti yake kwa sababu ya usomi wangu. Namwogopa kuliko Seneti.

Kwa hiyo naomba kidude kizimwe hadi Jumamosi. Ikishindikana, mto uongezwe katika riwaya. Siombi mto mkubwa. Ukurasa mmoja unatosha, popote pale mjane anapopumzika. Mamba tumwachie Dkt. Gyasiwaa ajitetee mwenyewe. Mwandishi ni marehemu, hatalalamika, na naamini angefurahi kusahihishwa na mtaalamu wake. Hilo nalo likishindikana, basi Araba ahamishiwe Idara ya Hisabati, ambako kutafuta kitu na kukikosa hakumvunjii mtu heshima.

Nisalimie mzee wa nyumbani, watoto, na akina mama wote wa kaunta ya kuazima. Waambie sijawanunia.

Mlinzi wenu wa fasihi,
Prof. Kobina Eshun

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimeifungua riwaya kwenye kompyuta, ili nikuonyeshe mahali pazuri pa kuuweka mto. Usiuweke. Nimepita kurasa nyingi na sioni pa kuupenyeza. Kila mahali pamejaa. Ila nakuomba sana uniongezee muda wa kuazima, leo hii, maana kompyuta imenifungia pale shemeji za mjane wanapobisha mlango, wembe mkononi, wamekuja kumnyoa kichwa kwa nguvu kama mila ya ujane inavyotaka, na yeye yuko ndani peke yake na mwiko wa dokono. Nimempigia Araba simu anieleze kama mjane alifungua mlango. Amenijibu, "Soma mwenyewe, Prof."