Muswada wa Ukomo wa Ugeni

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji amekalia kiti changu tena. Kile chenye mikono mipana, karibu na dirisha. Nilisimama mbele yake na gazeti mkononi nikakohoa. Nikakohoa tena. Akaniuliza kama nina kifua, akanishauri ninywe maji ya moto. Hakuinuka.

Alikuja kwa siku tatu, kung'oa jino. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua, na mvua zenyewe zimekwisha. Jino liling'oka. Yeye hakung'oka. Asubuhi anaimba bafuni, ubeti kwa ubeti, bila haraka, nami niko nje na taulo begani. Nachelewa kazini. Kumwambia mke wangu haiwezekani, ni kaka yake wa pekee. Nikigusia tu, ananiuliza kaka yake amekula sahani ya nani. Kumwambia mwenyewe ndiyo kabisa. Shemeji hafukuzwi, utaonekana huna utu.

Lakini mimi si mtu hivi hivi. Mimi ni mwalimu wa Uraia na mlezi wa bunge la wanafunzi! Ijumaa ya wiki ijayo tuna kikao kikuu. Wanafunzi watajadili muswada wa sheria ya nchi, na wazazi na familia za walimu watakaa nyuma kusikiliza. Shemeji hakosi shughuli yenye viti na soda. Wazo lilinijia leo pale pale mlangoni pa bafu. Mimi siwezi kumwambia. Sheria itamwambia.

Jumanne, 4 Juni

Nimeandika muswada. Mgeni hatakaa kwa mwenyeji wake zaidi ya siku saba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimemwongezea siku, na jembe sikulitaja. Nani ataniita mkatili?

Nimeuandika kwa mkono wa kushoto, ionekane ni kazi ya mwanafunzi, nikautumbukiza katika sanduku la miswada wakati wa mapumziko. Kidole kimekufa ganzi. Sijali.

Jioni nilizunguka nyumba, nikaiangalia vizuri. Geti nimelipaka rangi mimi. Bati la jikoni nimelipigilia mimi. Baba mkwe alipofariki ukuta wa nyuma ulikuwa umelala kama mlevi, nani aliuinua? Mwanamume ana haki ya kupumzika katika nyumba aliyoitolea jasho. Nimeingia ndani nikiwa na ari mpya. Kiti kilikuwa na mtu.

Jumatano, 5 Juni

Kamati ya wanafunzi imesoma miswada yote. Mshindani wangu mkubwa ni muswada wa kila raia kupanda mti, ambao nina hakika umeandikwa na mwalimu wa Jiografia. Mwalimu mzima, anawaandikia watoto muswada kwa siri! Watu wengine hawana aibu.

Wangu umeshinda. Uliposomwa tu, kila mtoto akakumbuka mgeni wake. Mmoja alisema kwao kuna mjomba aliyekuja kwenye msiba, na marehemu sasa ana wajukuu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya na kuonekana nimeshangaa. Nilishangaa vizuri sana.

Tatizo ni moja. Kiongozi wa upinzani ni binti mmoja wa kidato cha tatu wanayemwita Kifungu. Anatembea na kanuni za bunge letu kwapani, na hata penseli haazimi bila kutaja kanuni inayomruhusu. Ameuliza muswada unasema mgeni ni nani. Muswada haukusema. Kwa nini useme? Kila mtu anamjua mgeni. Ndiye yule aliyekalia kiti chako.

Alhamisi, 6 Juni

Kamati imeomba tafsiri ya neno mgeni, na imeniomba mimi kama mlezi. Vizuri! Nimewaandikia ubaoni: mgeni ni mtu anayelala katika nyumba isiyo yake.

Kifungu akanyoosha mkono. Kwa tafsiri hiyo, yeye mwenyewe ni mgeni kwao, maana nyumba ni ya baba yake. Nikaongeza: wala si ya mzazi wake. Spika, kijana mpole anayelelewa na bibi yake, akauliza kwa sauti ya kulia kama bibi atatolewa nyumbani kwa baba. Nikaongeza: wala si ya mtoto wake. Binti mwingine akauliza kuhusu mama yake, maana hati ina jina la baba tu. Nikaongeza: wala si nyumba aliyoichuma pamoja na mwenzi wake wa ndoa.

Chaki ikaisha. Lakini tazama kazi hiyo! Bibi yuko salama, mama yuko salama, watoto wako salama. Nimempitisha Shemeji kwenye kila neno. Nyumba hana. Mtoto hana. Mke hana. Anayebaki ndani ya tafsiri ile ni mtu mmoja tu.

Usiku wa kuamkia leo nililala usingizi wa pono. Mke wangu anasema ni mimi nililala, yeye hakulala. Asubuhi nimemkuta ana pamba masikioni.

Jumatatu, 10 Juni

Bahati imenifuata hadi darasani. Nilikuwa nafundisha kwamba sheria hairudi nyuma, kwamba mtu hahukumiwi kwa jambo alilolifanya kabla ya sheria kutungwa. Kifungu alikuwa anaandika kila neno. Kisha akasema kanuni zinaitaka kamati isikilize wadau, na kwamba katika mjadala wa ugeni mdau wa kwanza ni mgeni mwenyewe. Je, mwalimu anamfahamu mgeni yeyote aliyekaa mahali muda mrefu?

Je, mwalimu anamfahamu! Nilijifanya nafikiri. Nilitazama dari. Nikasema labda yupo mmoja, ngoja niulize.

Sasa hatasikiliza tu kutoka nyuma. Atasimama mbele ya umma, ataulizwa alikuja lini na anaondoka lini, na atalazimika kujibu. Nimemwambia jioni. Amefurahi mno, amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hajawahi kuitwa mdau. Kisha akauliza kama anaweza kuazima shati langu la bluu.

Nimempa. Atalivaa akiondoka nalo, sina neno.

Alhamisi, 13 Juni

Mkuu wa shule amenisimamisha koridoni. Anasema muswada wetu unazungumzwa hadi ofisi ya uhasibu. Ukipita kesho, utapelekwa kwenye kikao cha shule zote, na mlezi ndiye atakayeuwasilisha. Mwalimu wa Jiografia alikuwa karibu. Alisikia. Nilihakikisha amesikia, kwa kumwomba mkuu arudie.

Nyumbani Shemeji amefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Bafuni! Nimenawa uso kwenye sinki la jikoni. Nimejiambia kuwa ni mara ya mwisho. Mke wangu ameniuliza nacheka nini peke yangu. Nimemwambia nawapenda wanafunzi wangu.

Nimeshaangalia mabasi ya Jumapili. Yapo ya asubuhi na ya mchana. Mtu hawezi kusema sikumpa nafasi ya kuchagua.

Ijumaa, 14 Juni

Niandike yote, kwa utaratibu, bila hasira.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu alikaa safu ya mbele, karibu na mkuu wa shule. Upande wa serikali uliusoma muswada vizuri. Upinzani ukajibu kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, wazazi wakapiga makofi. Nilitulia. Nilikuwa namsubiri mdau.

Shemeji alisimama ndani ya shati langu. Alisema ukweli hadi nikamwonea huruma kidogo. Alikuja kwa ajili ya jino. Alikaa kwa sababu nyumba ile ina watu wema, na kwa sababu kule atokako akirudi jioni hakuna wa kumuuliza ameshindaje. Akasema asubuhi anaimba ili nyumba isiamke na huzuni, maana ndivyo alivyokuwa akifanya baba yao. Nilimwona mke wangu akijifuta macho. Hata mimi nilitoa leso. Nikairudisha mfukoni. Kazi ni kazi.

Kifungu akasimama. Nikasogea mbele kwenye kiti. Nilijua swali: unaondoka lini?

Hakuuliza hilo. Aliuliza nyumba ni ya nani.

"Ya marehemu baba yetu," Shemeji alisema. "Alituachia mimi na dada yangu."

Kifungu alifungua muswada, akaweka kidole kwenye tafsiri yangu, akawa anasoma polepole, neno moja baada ya jingine. Nami nilisoma naye kichwani. Isiyo yake. Wala ya mzazi wake. Wala ya mtoto wake. Wala aliyoichuma pamoja na mwenzi wake. Nilianza kusikia joto masikioni kabla hajafika mwisho.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "mdau huyu si mgeni. Yuko kwa baba yake. Kwa muswada huu, mgeni katika nyumba ile ni mwalimu wetu."

Mkuu wa shule alicheka hadi akavua miwani. Mwalimu wa Jiografia alisimama ili acheke vizuri. Mke wangu aliinamia mkoba wake kana kwamba anatafuta kitu, mabega yakitikisika. Spika, mtoto wa watu, akaniuliza kwa heshima zote nimekaa pale muda gani. Nikasema miaka kumi na moja. Akaandika.

Ndipo Shemeji alipoomba nafasi ya mwisho. Aligeuka akanitazama, na uso wake haukuwa na kejeli hata chembe. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Naomba bunge limwache," alisema. "Ni mtu mzuri. Tumeshamzoea."

Kifungu akasema upo mlango wa kuniokoa. Mwalimu mwenyewe alifundisha Jumatatu kwamba sheria hairudi nyuma. Akapendekeza kifungu kipya, kwamba sheria hii isiwahusu wageni walioingia kabla ya kutungwa. Kikapita bila pingamizi. Muswada mzima ukapita. Makofi. Nitauwasilisha kwenye kikao cha shule zote. Mkuu wa shule anataka niende na mfano hai, na hakusema ni nani kati yetu.

Tulirudi nyumbani watatu. Shemeji alifungua geti, akanipisha nitangulie. Sebuleni alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chenye mikono mipana, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu kiti, shemeji," akasema. "Jisikie uko nyumbani."

Jumamosi, 15 Juni

Nimetafakari usiku kucha, kwa utulivu. Nilitaka kiti. Kiti nimekipata. Kwa hiyo nimeshinda. Watu wanaosema vinginevyo hawaelewi siasa.

Kosa halikuwa muswada. Kosa lilikuwa kuwaachia watoto waniulizeulize hadi tafsiri ikawa ndefu. Tafsiri nzuri ni fupi. Na leo asubuhi, nikiwa nje ya bafu na taulo begani, beti zikiendelea, nimeona wazi sheria ambayo nchi hii inaihitaji kwa dharura: Muswada wa Utulivu Majumbani. Atakayepiga kelele ndani ya nyumba atahamishiwa chumba cha stoo.

Tafsiri ya kelele nimeiandika mwenyewe, na hakuna atakayeongeza neno. Kelele ni sauti yoyote inayomnyima mwenzako usingizi. Basi! Nimempa mke wangu aisome. Ametoa pamba masikioni, ameisoma mara mbili, kisha ameniuliza kama nina uhakika.

Nimemwambia ninao. Ameanza kuniondolea maboksi stoo.