Samahani Nisiyoiomba

Kwa Mjukuu wangu,
Meneja wa Masoko na Mawasiliano,
Duka la Babu la Ushonaji.

Pokea salamu zangu nyingi, na nyuma yake malalamiko.

Tangu uniwekee dukani ile mashine ya kujibu jumbe za wateja kwenye simu, biashara imechangamka, nakiri. Siku hizi nguo zinaletwa hata na watu wa mitaa ya mbali. Hata hivyo naomba uiondoe kabla ya mwisho wa juma, kwa sababu hizi:

1. Ina adabu kuliko mimi. Jana mwalimu mmoja aliingia na sketi mkononi, akatazama huku na huku, akauliza yuko wapi yule kijana mpole anayeandika "karibu sana, mpendwa". Nikamwambia ndiye mimi. Akaondoka na sketi yake.

2. Inaahidi bila kushika sindano. Imemwandikia bwana harusi kwamba koti litamkaa kama ndoto. Koti hukaa mabegani, mjukuu wangu, na mabega ya yule bwana hayalingani. Nilipomweleza hivyo, akanipa nyota moja kwenye mtandao. Mashine ikamshukuru.

3. Imenipatanisha na Seremala bila idhini yangu. Unajua tulikuwa hatusemeshani tangu aniundie meza ya kukatia iliyoinama. Nilisema suruali zangu zinatoka mguu mrefu mguu mfupi kwa sababu yake, naye akasema kilichoinama ni shingo yangu. Ugomvi huo tuliutunza vizuri kwa miaka. Basi juzijuzi akatuma ujumbe mkavu: "Suruali imefumuka." Mashine ikajibu: "Samahani sana kwa yote. Wewe ni mtu muhimu kwetu, na tunathamini uhusiano wetu."

Asubuhi yake akaja na kigoda, akaketi mlangoni, akasema, "Haya, yamekwisha, mzee mwenzangu. Weka chai." Sasa anakuja kila siku. Tunazungumza habari za kwetu, tulikohama pamoja. Hapa mjini hajabaki mwingine anayekumbuka nyumba yetu ilitazama upande gani. Yeye husema kaskazini. Si kweli, lakini ni kosa la mtu aliyepaona.

4. Kwa kuwa samahani ile si yangu, kila kikombe ninachokunywa naye ni cha udanganyifu. Haki inataka mashine ije yenyewe inywe naye chai, ibishane naye, na akiugua iende kumjulia hali. Ikishindwa, ifukuzwe kazi. Ikiweza, ichukue na cherehani, nami niwe mteja wake, angalau nami nijibiwe vizuri.

Nikimaliza barua hii nakwenda kumweleza Seremala ukweli wote. Mtu mzima haombewi msamaha kama mtoto aliyevunja sahani.

Nisalimie mama yako, mumeo, watoto, na yule jirani yenu wa tarumbeta, kama bado hamjahamana.

Ni mimi, Babu yako,
Fundi Mkuu, na kwa sasa fundi pekee.

Tanbihi: Nimemweleza. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Alisema, "Wewe na neno samahani wapi na wapi? Lakini mbona umesema, mzee? Sasa itabidi ninune." Akabeba kigoda chake akaenda. Tafadhali mashine usiiondoe. Iambie imwandikie tena, leo hii. Mimi nimejaribu mwenyewe, na mpaka sasa nimefika kwenye "Bwana Seremala".