Mbwa wa Kuenea Kikombeni

Jumatatu, 1 Julai 2024
Baridi ya Songea leo imeingia hadi kwenye mifupa. Mimi sijali. Pipi ana mimba. Nimempapasa tumbo mwenyewe, vitu vinacheza humo ndani.

Pipi ni mbwa wangu, mdogo kuliko paka wa jirani. Baba wa watoto ni Kamanda, mbwa wa shemeji yangu Otto, kaka yake mke wangu Hilda. Pipi na Kamanda ni ndugu wa tumbo moja. Hilda aliuliza kama hilo ni sawa. Nikamweleza kwamba hapo ndipo ufundi ulipo: udogo hautoki nje ya ukoo. Watazaliwa mbwa wa kuenea kikombeni. Mtaa wetu wa Msamala haujawahi kuona kitu kama hicho. Watu watakuja kuwaulizia hata kutoka Mbinga.

Hilda akasema mbwa wa kuenea kikombeni ni panya. Hana maono.

Jumatano, 3 Julai
Nimesoma kwenye simu kwamba mama akila kidogo, watoto hubaki wadogo. Asubuhi nimempa Pipi kijiko kimoja cha ugali. Alikiangalia kijiko, akaniangalia mimi, akarudi kukiangalia kijiko.

Mchana nikakaa mezani. Kwenye sahani yangu kijiko kimoja cha ugali na dagaa mmoja wa Nyasa. Nikamuuliza Hilda kulikoni.

"Nimesikia nyumba hii sasa inafuga vidogo, Baba Ida," akajibu kwa upole. "Nimeona nianze na wewe."

Jioni Pipi amekula akashiba. Mimi pia. Utafiti umeahirishwa.

Jumapili, 7 Julai
Otto kaja misani na Kamanda ndani ya koti, kichwa tu kikichungulia. Akina mama wa kwaya wakapoteza ubeti. Wivu ukanikaba, nikashindwa hata kusali vizuri. Wiki nzima shemeji amekuwa akitamba kwamba Kamanda ni mdogo kuliko Pipi. Si kweli. Anampima manyoya yakiwa yamelowa.

Padri alipotuomba tunyamaze tutafakari, Kamanda akaanza kukohoa. Kikohozi kama cha bata aliyebanwa na mlango. Hakikuisha. Otto akatoka nje mbio, nami nikamfuata nikijiandaa kucheka.

Sikucheka. Shemeji alikuwa amepiga magoti vumbini na suti yake ya sikukuu, anamsugua mbwa kifua. "Pumua, baba. Pumua." Ulimi wa Kamanda ulikuwa wa zambarau. Mwishowe akapumua.

Otto akasema ni mafua tu. Husema hivyo kila wiki.

Jumanne, 9 Julai
Nimempeleka Pipi kwa daktari wa mifugo, Nasrin, binti kutoka Tunduru. Nilitaka cheti cha udogo chenye mhuri, cha kuwaonyesha wateja. Akaniamkia shikamoo, akampapasa Pipi kwa muda mrefu, akauliza baba wa watoto ni nani. Nikamweleza kwa fahari.

"Mzee wangu, nyonga zake ni nyembamba mno. Vichwa vya watoto havitapita."

Nikamtuliza kwamba watoto watakuwa wadogo sana, na vichwa vyao pia.

"Vichwa havifuati mpango wako. Huyo kaka yake hakohoi?"

Nikasema ana mafua.

"Siyo mafua. Koo lake ni legevu, na hao wanaozaliwa wanaweza kulirithi. Naomba nikuulize: Pipi mwenyewe anafaidika nini na huu udogo?"

Nilifikiri sana. Nikasema anabebeka.

"Hiyo ni faida yako."

Akanipa namba yake ya simu, akasema uchungu ukianza nisisubiri. Cheti hakunipa. Vijana wa siku hizi wana elimu, biashara hawaijui.

Ijumaa, 12 Julai
Naandika haya usiku.

Uchungu ulianza asubuhi. Nilikuwa nimeshaosha kikombe cha maua kwa ajili ya picha. Nikasubiri. Mchana ukafika, hakuna kilichotoka. Pipi akaacha kulia, akanilamba kidole, akalaza kichwa. Huko kunyamaza ndiko kulikonitisha. Hilda akampigia daktari, mimi nikasimamisha bajaji. Njiani nikampigia Otto, sijui kwa nini. Tulipofika alikuwa mlangoni anatusubiri.

Nasrin akampasua. Mtoto wa kwanza alikuwa amekwama, ameshakufa. Wawili wakatolewa hai. Daktari akaniwekea yule aliyekufa kiganjani nikamzike. Alikuwa mdogo kama nilivyotaka.

Jioni Pipi akafumbua macho, akatikisa mkia mara moja. Nikalia. Otto naye akalia. Tukasingizia dawa ya kusafishia sakafu.

Daktari amemfunga kizazi. Amesema nikirudia na mbwa mwingine, atanifuata nyumbani mwenyewe, na siku hiyo hataniamkia.

Jumatatu, 15 Julai
Jua limetoka. Pipi ananyonyesha kwenye kikapu cha nguo. Watoto wananenepa, na mmoja ana tumbo kama la diwani. Nimekaa nao barazani asubuhi nzima, kwa furaha ambayo sikuitegemea.

Otto kaja na maziwa. Amekubali Kamanda ahasiwe, na atibiwe koo. Hatukupima mbwa yeyote.

Hilda ameniapisha mbele ya kaka yake: sitazalisha tena mbwa wadogo maisha yangu yote. Nimeapa, na nimeapa kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 27 Julai
Watoto wa Pipi wamefumbua macho. Hilda amesema hawaendi popote, na mimi sikubisha.

Leo nimekwenda Peramiho kumwona binti yetu Ida shuleni. Nilipotoka, nikapita uani kwa mzee mmoja, Amedeus, nikasimama kama niliyepigiliwa misumari. Mbuzi wawili, dume na jike, wakubwa kwa umri lakini hawafiki magoti yangu. Dume ana miguu ya matege, anatembea kama aliyevaa viatu vyote vya kushoto.

Nikamuuliza Amedeus kama ni ndugu. Akasema baba mmoja, mama mmoja. Moyo ukanidunda. Mbuzi wa sebuleni! Analala kwenye kochi, anakamuliwa moja kwa moja kwenye chai.

Kiapo changu nimekikumbuka chote, neno kwa neno. Kilitaja mbwa.

Nimewanunua, nimerudi nao Songea, mmoja kwenye kila paja. Hilda aliwatazama mmoja mmoja, akageuka akaingia ndani. Sasa yuko ndani anaongea na Daktari Nasrin kwenye simu. Nadhani ameshindwa kungoja kumpa habari njema.