Chumba cha Fénelus

Jumatatu, 6 Mei 2019. Cayenne, Guyana ya Ufaransa.
Miaka ishirini na tisa tangu niiache Jacmel, kwetu Haiti. Leo barua imefika: mkaguzi atakuja Alhamisi kupima nyumba yangu, aone kama inatosha mke wangu Clermise kuja kuishi nami. Ni chumba kimoja na jiko. Kibali cha ukaazi ninacho tangu miaka kumi na moja iliyopita. Maombi ya Clermise ndiyo niliyochelewesha, nikingoja nyumba ikue. Haikukua. Nina mpango.

Jumanne, 7 Mei.
Mimi na jirani yangu Fénelus tunatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Nimemwomba chumba chake kwa asubuhi moja: nitoboe mlango, kionekane chumba changu cha kulala. Alicheka mpaka akakohoa. Eti, mzee mwenzangu, hata kwenye dhumna hujui kuiba, utaibaje chumba? Akakubali kwa sharti nikiri mbele ya wachezaji wote kwamba yeye ndiye bingwa. Nimekiri. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, 8 Mei.
Msumeno kutwa. Mlango umepinda, lakini ni mlango. Nimetundika picha ya harusi yetu upande wa Fénelus. Clermise alipiga simu, nikamwambia nina vyumba viwili. Akauliza cha pili ni cha nini, kwani tutakuwa tunatembeleana? Hajui mambo ya ofisi.

Alhamisi, 9 Mei.
Mkaguzi ni mama mpole mwenye utepe wa kupimia. Alipima chumba changu, akaandika. Akapita mlango mpya, akasimama. Akasema, baba, chumba hiki nilikipima mwezi wa tatu. Ni cha Bwana Fénelus, naye anamleta mkewe.
Fénelus alikuwa ameificha habari hiyo. Alitaka mkewe atokee tu siku moja, mimi nibaki mdomo wazi. Tena alidhani atatumwa mkaguzi mwingine.
Nikamuuliza yule mama ningefanyaje na chumba kimoja. Akasema kwa watu wawili chumba changu na jiko vilitosha. Hata miaka kumi na moja iliyopita vingetosha. Ila sasa hana budi kuandika alichokiona.

Ijumaa, 17 Mei.
Maombi yamekataliwa kwa udanganyifu. Ya Fénelus yanachunguzwa upya. Ameziba mlango kwa kabati na hasemi nami.
Clermise hakulia. Alisema, basi rudi wewe, Mérilus, huku nyumba yetu haipimwi na mtu. Neno “ndiyo” lilikuwa mdomoni kabisa. Ana miaka sitini na sita.
Lakini mwezi wa tisa naweza kuomba tena, na mjane wa ng'ambo ya barabara ana vyumba vitatu. Nimeshamuuliza kama ataniazima nyumba kwa asubuhi moja. Anafikiria.
Nimemwambia Clermise avumilie kidogo. Sitarudi Jacmel.