Bahari Yenye Kona Kumi na Tisa

Nina heshima kuwatangazia wananchi kwamba Lubumbashi, mji ulioishi zaidi ya karne bila bahari kwa sababu ya uzembe wa waliotutangulia, sasa una bahari yake. Iko ghorofa ya kwanza, mkono wa kushoto, ukishapita choo cha wageni.

Mimi ni Clément, mkuu wa protokali katika Divisheni ya Maji ya Heshima. Wazo la bahari lilikuwa la Mkurugenzi wetu, Osée Kangwa. Alikuwa ametumwa ng'ambo kwenye semina ya visima, akaona katika hoteli tangi la kioo lenye samaki wa baharini na matumbawe, akakaa mbele yake siku zote tatu za semina. Aliporudi alitueleza kwamba jimbo lisilo na matumbawe ni kiwanja tu. Tulipiga makofi tukiwa tumesimama.

Bahari ilipitia Kasumbalesa ikiwa mifuko ishirini ya chumvi. Ilikaa mpakani siku tisa, kwa sababu mtu wa douane, yaani forodha, aliposoma kwenye karatasi neno "bahari" aliona kwamba hiyo si bidhaa, ni eneo, na eneo haliingizwi nchini bila mkataba. Mwishowe iliruhusiwa kupita kama kiungo cha chakula. Samaki sita na mawe ya matumbawe walifuata kwa ndege.

Kazi ya mabomba alipewa Mama Huguette Mwila. Babu yake alihudumia pampu za mgodi, baba yake vilevile, na yeye amefunga mabomba nusu ya mji huu. Anakaa kwenye barabara iliyo nyuma ya ofisi yetu. Alikuja amevaa salopeti ya bluu ya kazi, akalizunguka tangi mara mbili, kisha akamweleza Mkurugenzi.

"Patron, hii kintu banaita circuit fermé. Maji inatoka mu tangi huku chini, inapita mu pompe, inarudia mu tangi kwa hii midomo ine. Njo vile tu. Hakuna maji ingine inaingia, hakuna ingine inatoka. Ile matumbawe inapenda maji yenye kutembea. Tutaweka bomba munene, mufupi, kona mbili. Juu kila kona inakula nguvu ya pompe."

"Kona mbili?" Mkurugenzi alitabasamu kwa huruma. "Mama, hii ni serikali."

Kamati ya Mtiririko ilikutana mara kumi na moja. Iliona kwamba hakuna kitu katika Divisheni kinachoruhusiwa kutoka mahali na kurudi mahali hapohapo bila kupitia ngazi za uongozi. Basi bomba lilitoka kwenye tangi, likaingia ofisi ya Mkurugenzi, likaenda kwa naibu wake, likapita kwa wakuu wa idara mmoja mmoja kwa kufuata vyeo, likafika kwangu, likashuka hadi masijala, ndipo likapanda tena kurudi baharini. Kona kumi na tisa. Juu ya kiti changu lilipita kwa urefu unaozidi ule wa mkuu wa utumishi kwa vidole viwili. Sikuwahi kuomba heshima hiyo, lakini pia sikuikataa.

Mama Huguette alifunga kila kona. Pampu ilipowashwa, maji yaliondoka kwa kishindo, yakazunguka ofisi zote, yakarejea kwenye tangi kama mate ya mtu anayesinzia. Baada ya wiki moja matumbawe yalipauka. Samaki mmoja alilala ubavu juu ya maji, na Mkurugenzi akaagiza aandikwe kuwa yuko likizoni.

Kisha akatambua ugonjwa. Bahari, alisema, inakosa mchango wa wananchi. Alitia sahihi amri mbili. Ya kwanza: vanne ya barabara ya nyuma, yaani koki kubwa inayofungua maji ya watu wote wa barabara ile, ifungwe tangu Jumatatu ili maji yajikusanye na kupata nguvu. Ya pili: bomba la barabara hiyo liunganishwe na la bahari, na Mkurugenzi mwenyewe afungulie robinet, yaani koki ndogo ya maungio hayo, siku ya Alhamisi, mbele ya mjumbe kutoka Kinshasa.

Mama Huguette aliisoma amri, akaikunja.

"Patron, hii miye siifanye."

"Juu ya nini?"

"Kwa barabara yetu kuko poste de santé. Bamama banazalia kule. Unafungia bantu maji juu ya samaki sita?"

"Tano," nilimsahihisha, maana takwimu ni takwimu.

Hakunitazama. "Tena maji ya mji haina chumvi, itaua hata ile tano. Na siku ya mji ikikosa, bahari yako itashuka yote mu hii bomba, mupaka kule chini kwetu."

Mkurugenzi alisimama. "Mama Huguette, mu hii Divisheni maji haishuke bila ordre yangu."

Alifutwa kazi Jumatatu saa nne asubuhi. Saa sita dereva wa Mkurugenzi aliifunga vanne na kuunganisha mabomba, kwa kuwa aliwahi kubadilisha mpira wa radiator.

Barabara ya nyuma ilikaa siku tatu bila tone. Mama Julienne, mwenye kusimamia mstari wa wachota maji kwenye robinet ya barabara, alileta barua ya malalamiko. Alisema kuna mwanamke amejifungua Jumanne usiku na muuguzi akanawa mikono kwa maji ya chupa. Niliipokea barua kwa adabu zote na kuigonga muhuri wa kupendeza sana. Alhamisi asubuhi Mama Julienne, ambaye yaonekana hakuridhika na muhuri, alichukua ufunguo wa marehemu mume wake, aliyekuwa fundi wa maji, akaifungua vanne mwenyewe. Hakikutoka kitu. Siku hiyo mji mzima haukuwa na maji, kama kawaida.

Sisi huko juu hatukujua. Mjumbe alifika, bendi ya fanfare ikapiga, utepe ukakatwa. Mkurugenzi alihutubia dakika arobaini juu ya mtiririko, kisha akaifungulia robinet hadi mwisho.

"Muangalie," alisema, "namna maji inapata nguvu!"

Ni kweli ilipata. Bahari ilianza kushuka. Ilishuka kidole, ikashuka kiganja, ikaacha kilele cha matumbawe nje kikimeta. Wageni walipiga makofi, wakidhani ni maji kupwa. Nilinong'ona kwamba pengine tufunge, lakini naibu alinikumbusha kwamba amri ilitaja kufungua tu. Kufunga kungehitaji kikao. Mkurugenzi aliendelea kutabasamu, jasho likimtiririka kwa nguvu kuliko pampu yetu ilivyowahi kufanya.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Huguette aliingia na bidon, yaani dumu la maji, mkononi na beseni kichwani.

"Nani iko anatutumia chumvi ku robinet?" aliuliza. "Bantoto banatapika!"

Hakungoja jibu. Alifunga robinet kwa mkono mmoja, akaingia tangini na viatu vyake, akawaokota samaki watano wakirukaruka kwenye kiganja cha maji yaliyobaki, akawatia kwenye beseni pamoja na yale maji ya chumvi ya bidon.

Mjumbe alilitazama tangi tupu, akamtazama Mkurugenzi. "Nitarudi Jumanne," alisema. "Nitakuta hapa bahari, ao nitakuta mutu mwingine."

Jioni hiyo Mkurugenzi alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Huguette. Alibaki amesimama uani, kwani hakuna aliyemletea kiti. Mama Huguette alikubali kujenga upya: kona mbili, bila kupita ofisi ya mtu. Kwanza amri zote mbili zichanwe hapo uani, bomba la barabara litenganishwe na kusafishwa, na ufunguo wa vanne ubaki kwa Mama Julienne. Mkurugenzi alichana. Nilimsaidia na nakala.

Likabaki jambo dogo. Bahari mpya ilihitaji lita elfu mbili za maji matamu ya kuchanganya na chumvi, na maji ya mji yaliporudi Jumamosi hayakuwa na nguvu ya kupanda ghorofani kwetu. Yaliishia kwenye robinet ya barabara ya nyuma.

Mkurugenzi alimpelekea Mama Julienne barua ya kipaumbele. Mama Julienne aliigeuza pande zote mbili.

"Papa, hii haichotake maji. Uko na bidon?"

"Mama, unanijua miye ni nani?"

"Nakujua muzuri. Njo maana nakusemesha polepole. Mustari inaanzia kule."

Alikwenda kule, na tai yake, nyuma ya watu sitini. Nilimshikia bidon ya pili. Bidon mbili kila mtu, akishajaza anarudi nyuma ya mstari. Hesabu yangu ilionyesha safari hamsini. Wanawake walimsalimu kwa heshima na hawakumpisha. Alasiri alifika mbele, akakinga mwenyewe, akabeba mwenyewe, akalowa hadi soksi, na mbele ya mlango wa poste de santé muuguzi akamsimamisha, akamshukuru kwa moyo wote, akampokea bidon zote mbili na kuingia nazo ndani.

Mkurugenzi alifungua kinywa. Barabara nzima ilikuwa ikimtazama. Akakifunga.

Naandika hili kwa ajili ya kumbukumbu za serikali: hizo lita arobaini ndizo maji ya kwanza ambayo Divisheni yetu imewahi kumfikishia mtu.